Mama Pazia na Vyumba Vilivyoonekana Vitupu

Kwaru. Kwaru. Giza la alfajiri, na masufuria yanasukumwa chini ya kitanda. Wapangaji wa nyumba ile kongwe wakilisikia hilo, walijua leo ni siku ya matembezi na Mama Pazia keshaamka.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Pazia, mshona mapazia, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo Jumanne ya wiki iliyopita. Aliishi miaka thelathini na minne katika chumba kimoja cha nyumba hiyo. Hapo alimlea binti yake, na hapo akampakata mjukuu.

Mnayajua matembezi ya sikukuu. Wageni hupitishwa kwenye nyumba za kale za mtaa, chumba kwa chumba, wakitazama dari na ngazi za mbao. Waandaaji waliomba vitu vya wapangaji visionekane. Mama Pazia alikubali kwa moyo mkunjufu. Akashona mapazia marefu, meupe, akaficha nyuma yake vitanda, ndoo na madaftari ya watoto. Familia sita zikapotea machoni. Miaka kumi na moja, kila sikukuu, hivyo hivyo.

"Mama alijivunia ile nyumba," anasema binti yake. "Alikuwa anatuambia, wageni hawaji kuangalia kandambili zenu."

Mwezi wa tatu mwaka huu ikaja barua. Mwenye nyumba anataka kuigeuza makumbusho. Familia sita zihame. Na kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba alipeleka ushahidi kwamba humo hamkai mtu: picha za matembezi. Vyumba vitupu. Mapazia meupe.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Ni vyumba vile vile alivyoviandaa Mama Pazia.

Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Binti yake alimkuta ameshika mkasi, anautazama ukuta.

"Mwanangu, nimewafukuza watu kwa mkono wangu."

"Mama, hukujua."

"Kutojua kwangu kutawapa pa kulala?"

Akaapa kwamba sikukuu hii hafichi hata kijiko. Jirani yake, fundi viatu, akamtania: "Na suruali zangu kwenye kamba?"

"Hizo ndizo zikae mbele, shemeji. Zina matundu ya kihistoria."

Alifariki siku nne kabla ya matembezi. Baraza bado halijaamua.

Tunawapa pole binti yake, mjukuu wake na familia zote sita. Nasi tujiulize, tunapoingia nyumba ya kale na kusifia kuta zake: nani ameambiwa asionekane ili sisi tufurahi?

Jumamosi wageni walikuja. Vitanda vilikuwa mahali pake, ndoo mahali pake. Walipofika chumba cha Mama Pazia, mgeni mmoja akauliza kilikuwa cha nani. Mwongozaji akapekua karatasi zake, akapekua tena. Mjukuu wa Mama Pazia, msichana wa miaka sita, alikuwa amekaa kitandani anafunga kiatu.

"Chumba hiki tunakaa sisi," akasema.