Neno "Kata" Jikoni Kwetu

Risala ya Klabu ya Habari Sauti ya Mwambao kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua studio ya shule

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, shikamoo. Karibu Bangwe. Tumekungoja tangu asubuhi kwa furaha na kwa matumbo matupu. Hilo la pili usilichukue kama lawama, tumeshalizoea.

HISTORIA

Klabu yetu ilianzishwa ili jamii ifahamu kwamba wapo watoto wanaoshinda na njaa. Jamii ilikuwa inafahamu, ila ilikuwa haijaiona kwenye video. Tulipokosa mahali pa kurekodia, mlezi wetu, Mwalimu Martini, alitupatia jiko la shule, kwa kuwa halikuwa na shughuli nyingine.

Mhusika mkuu wa filamu yetu ya kwanza alikuwa mwenzetu Hasna, wa kidato cha kwanza. Mama yake huanika dagaa ufukweni Katonga, na wakati ule ziwa lilikuwa limefungwa, watu hawavui, kwa hiyo kwao walipika usiku tu. Hasna hakujua kuigiza. Mwongozaji wetu, Telesphory, alimchagua akisema ana sura inayofaa. Hasna alifurahi sana, maana sura yake ilikuwa haijawahi kusifiwa.

Aliwekewa ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka wa mawese, autazame bila kuugusa. Machozi yalimtoka yenyewe. Telesphory akasema, "Kata." Hasna akakata tonge, akachovya, akala.

"We Hasna, unafanya nini?"

"Si umesema kata, kaka? Nimekata."

"Kata ni kwa mshika kamera."

Alielewa, mgeni rasmi, hatukufichi. Lakini Telesphory alitaka picha irudiwe, na kila alipolitamka neno lile mkono wa Hasna ulikwenda wenyewe. Mwishowe sahani ikabaki na mchuzi, na mwongozaji akawa anamsihi mtoto aliyeshiba aonyeshe njaa. Mwalimu Martini alichungulia kwenye kamera akauliza, "Huyu mbona anatabasamu?"

MAFANIKIO

Filamu ilishinda mashindano, kwa ile picha ya kwanza. Imeonyeshwa kwenye semina nyingi, na tumeambiwa watu walilia sana, kisha wakaenda kula. Wafadhili wakatupatia studio. Imejengwa ndani ya ghala la chakula, kwa sababu lilikuwa tupu na safi, hata panya walishahama.

Hasna alipewa cheti. Alikipeleka nyumbani, mama yake akakigeuza mbele na nyuma, akamuuliza, "Mwanangu, hiki kinaungwa na nini?"

CHANGAMOTO

Filamu ya pili imekwama. Telesphory anataka picha ya mtoto akila chakula cha mchana shuleni, nasi hatuna pa kuipata. Tena tumesikia kwamba jiko nalo limepangwa kuwa chumba cha kuhariri. Lile ndilo jiko pekee ambamo Hasna amewahi kushiba mchana. Ilimuuma, na sisi ilituuma.

MAOMBI

Hatuombi kamera nyingine. Tunaomba jiko libaki jiko, tupatiwe mahindi na maharage, na mchana tule kama watu wengine. Maharage yakikosa pa kuwekwa, yawekwe studio, tutarekodi tukiwa tumeyakalia.

La mwisho ni dogo. Muda si mrefu utashika mkasi kufungua studio, na Mwalimu Martini ametuagiza tupige makofi tu. Meza ya chakula cha wageni iko nyuma yako, na Hasna amekaa mstari wa mbele. Tunakuomba, kabla hujaugusa utepe, umgeukie yeye, uelekeze mkono kwenye meza ile, useme kwa sauti ya kusikika: "Kata."

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na chungu chenu kisikauke.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Habari Sauti ya Mwambao, Bangwe