Nilivyotaka Kupatana Bei na Maumivu

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za tangu asubuhi. Nitaongea nimesimama, zamani ningeomba kiti kabla ya salamu.

Mnanijua, mnunuzi wa maharage, vijiji vyote kuanzia Runazi mpaka Mbuba. Magunia nayahesabu mara mbili, hata yakiwa mawili. Miaka sita iliyopita nilianguka kutoka juu ya lori. Nikapasuliwa mgongo, mfupa ukaunga, lakini mguu wa kushoto ukabaki unawaka moto. Vidonge nimemeza, chale nimechanjwa. Sokoni nikawa nanunua nimelala kwenye mkeka, kama maiti anayebishana.

Katika hospitali moja kubwa, mbali na huku, daktari mmoja mwanamke akaniambia, "Baba, tutakupitishia nyaya nyembamba karibu na uti wa mgongo. Umeme mdogo utayazuia maumivu yasifike kichwani yote. Kwanza jaribu wiki moja, betri ikiwa nje, kiunoni. Yakipungua nusu au zaidi, tunaiweka ndani ya mwili."

Kujaribu kabla ya kununua! Nikampenda mama yule.

Alipowasha, ndugu zangu, nawaambia, moto haukuzimika. Ulisogea mbali, kama redio ya jirani aliyefunga mlango. Mahali pake pakapita kitu chepesi, mvua ndogo inayotembea juu ya shamba. Wiki nzima nilikuwa kama niko ndani ya ukungu, nauona mguu wangu unatembea, najiuliza ni wa nani.

Siku ya mwisho daktari akauliza, "Ulikuja na maumivu ya tisa kwa kumi. Leo je?"

Sasa mimi tangu lini nikasifia mali mbele ya mwenye mali? Nikakunja uso. "Nane."

"Pole, baba. Basi haikufai. Tunazitoa nyaya leo." Akachukua glavu.

Mke wangu, aliyekaa kando yangu, akalipuka. "We mwanamume! Jana umetembea hadi sokoni na kurudi, hujakaa hata mara moja. Mchana umelala mpaka udenda! Nane ya wapi?"

Glavu ya kwanza ilishaingia mkononi. Nikauona ule moto umesimama mlangoni, unasubiri.

"Daktari, ni tatu," nikasema. "Tatu ya kweli."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilidhani utapunguza bei."

Alicheka mpaka akakaa. Mimi nililia.

Betri sasa iko chini ya ngozi, naichaji kama simu. Msiseme nimepona, ile tatu bado ninayo. Lakini natembea. Asanteni mlionibeba hadi kwenye gari, mlionilimia shamba. Asante daktari, na mke wangu kwa mdomo wake.

Na wewe mama uliyekaa kule mwisho, nimekuona unavyokalia upande mmoja. Ukiulizwa unaumwa kiasi gani, usiseme "kidogo tu." Yataje maumivu yote.