Lori Juu ya Reli: Kumuaga Sajini Mama Gia

Mheshimiwa Jenerali, mgeni wetu rasmi, makamanda wa vikosi mliotoka mbali kuja kukaa nasi, Mkuu wa Chuo chetu cha Udereva na wakufunzi wako, wageni waalikwa, wake na waume wa askari, ambao hakuna anayewapigia saluti ingawa nusu ya kazi hii mnaibeba ninyi, vijana wanafunzi mliosimama juani nje ya ukumbi kwa kuwa viti tumewapa wazee, na wewe mama yetu uliyekaa mstari wa mbele, karibu na feni, ambaye wengi humu wanajiuliza ni mgeni wa nani: nawasalimu wote kwa heshima.

Nimepewa dakika chache za kumsemea Sajini anayestaafu leo. Mwenyewe amenionya mlangoni. Ameniambia, "Kanali, usinipambe. Sema ukweli, kisha kaa chini." Afande mstaafu kama mimi, Sajini akishatoa amri, nitafanya nini? Nitasema ukweli.

Wanafunzi mnamjua Mama Gia kama mwalimu anayewachapa vidole kwa rula mkikwaruza gia. Mnajua anaweza kufumba macho, akasikiliza injini ikipita barabarani, akakwambia plagi ipi imechoka. Lakini je, mnajua kwamba mara ya kwanza mimi kukutana naye alikuwa mahabusu, miguu juu ya ndoo, anaimba?

Ilikuwa wakati wa vita vya mpakani. Alikuwa koplo, dereva wa lori. Meja wake alimwamuru apakie makochi na kabati la vyombo, ayapeleke nyumbani kwake, siku ambayo majeruhi walikuwa wamelazwa kwenye nyasi wakingoja usafiri. Koplo akasema sawa afande, akateremka, akatembea taratibu mpaka chooni, akautumbukiza ufunguo wa lori shimoni. Akarudi, akapiga saluti. "Afande, lori halina ufunguo." Makochi hayakwenda popote. Majeruhi walipelekwa, kwa sababu dakika tano baadaye aliliwasha lile lori kwa waya. Na yeye akapelekwa mahabusu.

Mnacheka. Meja hakucheka.

Humo ndani aliwakuta wengine watatu. Yupo mpishi tuliyemwita Upawa, aliyempiga mkuu wake wa jiko kwa chombo hichohicho baada ya kumfuma akiuza nyama ya askari. Yupo mtu wa redio, Kigugumizi, aliyeondolewa kwenye mitambo na kutupwa humo kwa sababu, walisema, mpaka amalize kutoa taarifa adui ameshafika, amekula na amelala. Na yupo kijana mwembamba, mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, ambaye kosa lake lilikuwa ndilo jina lake: Mtoro. Alikuwa amekimbia jeshi mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kumzika baba yake. Mara ya pili alikwenda kumuuguza mama yake. Mara zote mbili alirudi mwenyewe, kwa miguu, akajisalimisha getini, akala adhabu yake bila kulalamika.

Sasa, kulikuwa na hospitali yetu ya muda katika kiwanda cha matofali kilichotelekezwa, ng'ambo ya korongo. Adui akaliteka daraja la barabara, na hospitali ikabaki upande wake, majeruhi wamelala kwenye matanuru, daktari mmoja na wauguzi wawili. Tulijua wakifikiwa itakuwaje. Likatafutwa kundi la kwenda kuwatoa. Makamanda wazuri walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba hawawezi kupeleka askari wazuri kwenye kazi isiyowezekana. Basi akapatikana mkubwa mmoja, Mungu amrehemu, aliyenyoosha kidole kuelekea mahabusu akasema, "Chukueni hao. Hao wakipotea, hatujapoteza kitu."

Nilikuwepo. Nilisikia. Na wa kuwaongoza nikachaguliwa mimi, luteni mpya mwenye miwani, ambaye kikosi kizima kilijua siwezi kumlenga ng'ombe aliyelala. Nadhani nami nilikuwa ndani ya hesabu ya wale ambao wakipotea si hasara.

Nikawasimamisha uani, nikawaonyesha ramani. Barabara ni moja tu, daraja ni moja tu, na adui amekaa juu yake. Nikauliza kama kuna mwenye wazo. Kisha Mtoro akainua mkono kama mtoto wa darasani.

"Luteni, kuna daraja la reli juu kule. Treni iliacha kupita zamani. Halilindwi na mtu."

"Umejuaje?"

"Nilipokimbia nilipita hapo. Mara zote mbili."

Upawa akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Mama Gia hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mataruma yake, yale magogo chini ya reli, yana urefu gani?" Mtoro akalala chali kwenye vumbi, akanyoosha mikono juu ya kichwa chake. "Hivi. Yamezidi kidogo." Mama Gia akamtazama pale chini, akalitazama lori lake, akasema, "Litapita. Kwa shida, lakini litapita."

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kuona lori likipita juu ya daraja la reli? Hakuna ubao chini. Kuna reli mbili, kuna mataruma, na katikati ya taruma na taruma unaona maji yakienda chini kabisa, madogo kama uzi. Magurudumu yalipita nje ya reli, kwenye ncha za mbao, na tairi za nje za nyuma zilikuwa zinazunguka hewani. Palipokosekana mataruma tuliweka milango tuliyoing'oa kwenye stesheni iliyohamwa. Mvua ilikuwa inamwagika, na ndiyo iliyouficha mlio wa injini. Upawa alitangulia mbele akitembea kinyumenyume, uso kwa lori, mgongo kwa hatari, akimwonyesha dereva kwa viganja: kushoto kidogo, kulia, hapohapo, njoo. Mimi nilivua miwani, nikaitia mfukoni. Niliona ni afadhali nisione.

Tulipofika ng'ambo nikamuuliza Mama Gia kama anahitaji kupumzika. Akajibu, "Luteni, nikishuka hapa sitapanda tena. Twende."

Daktari wa kile kiwanda alipotuona alidhani tumepotea njia. "Mmepitia wapi?" "Juu," Mama Gia akamwambia, "na ndiko tunakorudi." Tukawapakia wasioweza kutembea, wamebanana bega kwa bega. Wenye miguu wakafuata nyuma, wakishikana mashati. Hatukumwacha hata mmoja.

Tatizo likawa mvua kukatika. Lori likiwa limeelemewa lilinguruma kama mnyama, na korongo lote likaitikia. Tulipofika kichwani mwa daraja tuliwaona doria wa adui wakiteremka kilimani. Lori lingehitaji muda kuvuka. Wale wa miguu, wenye magongo, wangehitaji zaidi.

Mtoro akanigusa bega. "Luteni, nipe hiyo bunduki ya bombomu."

"Na wewe utavukaje?"

"Nitawafuata."

Mama Gia akatoa kichwa dirishani. "Mtoro, usichelewe! Sitakusubiri!"

Yule kijana akacheka, yale meno yake yakaonekana. "Koplo, kwa kukimbia mimi sina mpinzani. Nenda!"

Akalala nyuma ya nguzo ya mawe. Sisi tukaingia darajani. Nyuma yetu nilisikia bombomu ikisema, ikinyamaza, ikisema tena. Katikati ya daraja mlango mmoja ulivunjika chini ya gurudumu na lori likainama, na majeruhi wakapiga kelele kwa pamoja. Upawa hakukimbia, alizidi kusogea karibu, viganja viko juu, anasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "Taratibu, dada. Gia ya kwanza. Njoo kwangu. Njoo." Likainuka. Likaja.

Mgonjwa wa mwisho alipokanyaga ardhi ya upande wetu, bombomu ilikuwa bado inasema. Halafu ikanyamaza, na haikusema tena. Mama Gia, aliyesema hatasubiri, alikaa pale injini inaunguruma, macho kwenye kioo cha pembeni, mpaka risasi zikaanza kugonga bodi la lori, ndipo nikatoa amri tuondoke.

Haikuisha hapo. Mizinga yetu wenyewe iliona lori likitoka upande wa adui, ikaanza kutupiga. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa asubuhi ile na hatukulijua. Kigugumizi akaichukua redio. "Ha-ha-hapa ni w-w-w-wenzenu, ac-ac-acheni ku-ku..." Bomu la pili likaangua mti mbele yetu. Redioni sauti ikafoka, "Toa neno la siri!" Na Kigugumizi, jasho linamtiririka, akaanza upya: "Hapa ni w-w-w..." Mara tukamsikia yule wa upande wa pili akipiga ukelele kwa wenzake: "Simamisha mizinga! Simamisha! Huyo ni Kigugumizi wetu! Hakuna adui duniani anayeweza kuiga hiyo!"

Mizinga ikanyamaza. Tukaingia kambini mchana kweupe, lori halina kioo hata kimoja, majeruhi wote hai, na kambi nzima ikatoka mbio kutupokea. Walitubeba mabegani. Hata Meja wa makochi nilimwona akipiga makofi. Na Kigugumizi huyo ndiye mshereheshaji wetu wa leo, aliyewakaribisha tangu asubuhi, na nadhani mtakubaliana nami kwamba kila neno lake lilistahili kungojewa. Upawa naye yuko jikoni. Hataki kutoka mpaka mle mshibe.

Lakini mbona huyu mwanamke anastaafu akiwa sajini, wakati aliowafundisha kubadili gia leo ni makanali? Hili Mama Gia asingependa niliseme, ila amesema niseme ukweli.

Aliitwa kupewa nishani. Akasimama mbele ya meza ya wakubwa akasema, "Tulikwenda watano. Mpeni wa tano kwanza, ndipo mnipe mimi." Wakamjibu kwamba wa tano haonekani, maiti yake haikupatikana, na kwa tabia yake inajulikana: amekimbia mara ya tatu. Nilikuwa nimesimama kando yake. Alisema, bila kupandisha sauti, "Mara mbili alikimbia, akarudi. Safari hii hakurudi kwa sababu hakukimbia." Akapiga saluti, akatoka.

Aliyarudia maneno hayo kwa kila kamanda aliyefuata. Kila alipokaribia kupandishwa cheo aliyarudia, na cheo kikapita pembeni. Na kila likizo yake alipanda basi kwenda kumwona mama wa Mtoro, mwanamke ambaye majirani walimwita mama wa msaliti, ambaye hakuwa hata na kaburi la kupalilia. Alimtengenezea paa. Alimpeleka hospitali. Alimwambia kila mara, "Mama, mwanao nilimwona. Alikuwa anacheka."

Mwaka jana serikali ilianza kulikarabati lile daraja la reli. Mafundi wakichimbua msingi wa nguzo ya ng'ambo walikuta mifupa, kibati cha utambulisho kikiwa bado shingoni, na maganda ya risasi yamejaa tele. Alikuwa amelala kifudifudi, ameelekea alikotoka adui. Hakusogea hata hatua moja kutoka pale tulipomwacha.

Mheshimiwa Jenerali, ulipopata taarifa hiyo hukuunda kamati. Uliagiza azikwe kwa heshima zote za kijeshi, ukatia sahihi, na leo umekuja mwenyewe na nishani mbili. Kwa niaba ya watu waliotoka wazima katika kiwanda kile, na watoto wao, na wajukuu wao waliojaa humu ukumbini, nakushukuru.

Mama yetu, sasa watu wanajua wewe ni mgeni wa nani. Wewe ni mgeni wetu sote. Wewe ni mama wa askari aliyebaki ili wengine wavuke.

Mama Gia, nishani ya kwanza inakwenda kwa wa tano, kama ulivyotaka. Mshike mama mkono, mpande naye jukwaani. Yako itafuata, na safari hii, Sajini, ni amri: utaipokea.

Kikosi! Kikosi, simama! Heshima toa!

Nami nawashukuru, ndugu zangu, kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni mama huyu makofi yenu, na msiache mpaka afike juu.