Kofia Iliyo Mkononi mwa Shigeki Nomoto

Wapendwa mliofika hapa kanisani kwetu Tottenham, kabla ya lolote, Godlisten anayewasomea haya, kaka wa mjane, anaungama mbele za Mungu na mbele yenu kwamba siku marehemu alipokuja kumposa dada yake, tarehe 6 Novemba 2004, alimpiga ngumi ya mdomo iliyomng'oa jino, na marehemu alipovua kofia na kuinama, huyu Godlisten akadhani anadhihakiwa, akamwongeza ya pili. Kwa nini aliivua, mtasikia sasa hivi.

Marehemu Shigeki Nomoto, aliyebatizwa kwa jina la Fanuel, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 mjini Kochi, Japani, mtoto pekee wa mzee muuza samaki, akasoma shule zote hukohuko, na hukohuko akaanza besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatuujui, mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe kwa nguvu zake zote, mwenzake anausubiri na gongo. Wakishindwa, mwalimu aliwapanga mstari akawachapa kwa gongo hilohilo, halafu wanafunzi wakubwa wakawamalizia kwa mateke bwenini, hata marehemu akawa anasema kwamba shule ilimfundisha mambo mawili, kulala kifudifudi na kutolia.

Machi 1990 aliajiriwa na timu ya kulipwa ya Osaka, akiwa mrushaji, na mkono wake ulitisha, mpira wake ukipita unavuma. Sasa, kule kwao mrushaji akimgonga mpigaji kwa bahati mbaya, huvua kofia na kuinama, ndiyo namna ya kusema sikukusudia, nisamehe, na mchezo unaendelea. Tarehe 9 Agosti 1997 haikuwa bahati mbaya. Mpigaji wa timu pinzani, Yasuo Kitagaki, alikuwa amewaumbua tangu jana yake, tena huku akiwacheka, basi kocha akamsogelea marehemu akamwambia kwa sauti ya chini, "Mpasue. Na ukimvulia kofia, kesho panda treni ukauze samaki na baba yako."

Marehemu akalenga uso. Mfupa wa shavu ulivunjika kwa mlio uliofika majukwaani, jicho la kushoto likapasuka, damu ikaloweka udongo, wachezaji wa pande zote mbili wakavamiana kwa ngumi na mateke, marehemu akaangushwa, akakanyagwa, akavunjwa mbavu, na muda wote huo, badala ya kukinga mbavu zake, aliishikilia kofia kichwani kwa mikono miwili isije ikatoka.

Kitagaki hakucheza tena. Marehemu naye, kila alipoinua mkono aliliona lile jicho, mpira ukawa unakwenda ovyo, akaachishwa mwaka 1998, akaangukia kwenye pombe na ugomvi, na Januari 2001 akaja London, akapata kazi ya kukata samaki ghalani. Mwaka 2003 alipigwa chupa ya kichwa kwenye baa, akapelekwa hospitali, na nesi aliyemshona alikuwa Aikaeli wetu, huyu mjane, ambaye alimwambia, "Kaka, ukiniletea tena hiyo damu yako, utajishona mwenyewe." Wiki iliyofuata akarudi hana jeraha, amebeba samaki kwenye gazeti.

Hakumficha Aikaeli habari za jicho, wala Aikaeli hakutuficha sisi, na ndiyo maana ngumi ya kwanza ilitoka na maneno haya, "Na dada yangu utampasua lini?" Baadaye marehemu alieleza, bila kinyongo, kwamba alivua kofia kwa sababu ngumi ile aliiona ni ya Kitagaki, imechelewa tu kufika. Wakafunga ndoa tarehe 17 Septemba 2005, na mwaka 2007 Mungu akawapa Gladness, huyu mnayemwona hapa, anayetuelewa kila neno na kutujibu kwa Kiingereza. Pombe aliiacha. Jumamosi alikuwa akifundisha watoto besiboli Finsbury Park, na kabla hawajagusa mpira aliwafundisha kwanza kuvua kofia.

Oktoba 2019 alikwenda Osaka, akasimama mlangoni kwa Kitagaki, mvua inamnyeshea, kofia mkononi, asifunguliwe, mpaka sauti ikatoka ndani, "Ondoka. Siku ukifa ndiyo nitakuja kukutazama." Tangu siku ile, tulipokuwa tukisali naye, ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba siku hiyo ikifika Kitagaki aje kweli.

Juni 2024 aligundulika na saratani ya kongosho, akateseka sana, akalala katika Bwana tarehe 3 Machi 2025, mkewe akiwa pembeni yake. Aliagiza mambo mawili, kofia yake isivishwe kichwani bali iwekwe mkononi, na Kitagaki apigiwe simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, wafanyakazi wenzake wa ghalani waliobeba jeneza, wazazi wa watoto wa Finsbury Park, na jirani yetu Poonam, aliyempikia uji kila asubuhi hata alipokuwa hawezi kuumeza. Nawe shemeji yangu Shigeki, mkono wako umechoka, Bwana aupumzishe.

Mwisho, yule mzee wa benchi la mbele, mwenye miwani nyeusi, ndiye Yasuo Kitagaki, amefika jana kwa ndege, na hajatuambia amekuja kufanya nini. Jeneza litakapofunguliwa kwa heshima za mwisho, tunaomba wote mbaki mmekaa, mumpishe atangulie yeye, na lolote atakalomfanyia marehemu pale, hata kama ni kumpiga, asishikwe mkono na mtu.