Boya Namba Tano la Marehemu Pyo Mun-sik

Wapendwa, mimi ni Pyo Jae-un, nahodha wa mashua ya kaa. Marehemu ni baba yangu mkubwa. Wasifu uliochapishwa kwenye ratiba mlizoshika ni mzuri, lakini una pengo, na mimi najua lina nini ndani yake. Mchungaji, niwie radhi, nitasoma huu wa kwangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Dolgaepo, vita vikiwa vimepamba moto. Bibi alijifungua kwenye banda la mitego, na babu akasema mtoto huyu hana pa kukimbilia, atavua tu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya uvuvi Pohang, akamaliza mwaka 1970. Babu alipomwita arudi kuvuta mitego, alijibu, "Baba, nataka kwanza kujua maji ya huko chini kabisa baharini yanakwenda wapi." Babu akamcheka. "Yaende wapi? Si yamelala!" Bandari nzima iliamini hivyo, na wengi wenu mnaamini mpaka leo.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa fundi katika meli ya utafiti, kazi yake kupima uzito wa vyombo vya kuzamishwa. Mizani ya meli ikaharibika, akaenda kuazima ya duka la dawa za mitishamba. Mwenye duka, Mzee Guk, alimwuliza, "Kijana, mgonjwa wako anaumwa nini?" "Anazama mno, mzee." Mizani ya meli ilitengenezwa wiki ile ile, lakini yeye aliendelea kuazima. Tarehe 14 Oktoba 1979 alifunga ndoa na binti wa duka, Guk Yeon-ok. Mama mkubwa, usijifunike uso, wote tunajua.

Baadaye akapewa maboya ya njano, marefu kama mtu. Boya lilizama mita mia nane, likachukuliwa na mkondo wa huko gizani, na kila siku ya kumi likaibuka kuiambia setilaiti limefika wapi, kisha likazama tena. Alilipima kwa chembe za madini ya risasi, moja moja, maana gramu chache zikizidi boya linapitiliza kina chake.

Mwaka 1999 kampuni moja iliomba kumwaga tope la kiwanda chake baharini, kilomita tisini kutoka hapa. Marehemu alizamisha maboya matano mahali pale. Manne yalielekea mbali na pwani yetu. La tano lilinyamaza baada ya siku ishirini, naye akaandika: limekufa. Akatia sahihi kwamba mkondo wa chini unakwenda mbali. Meli za tope zikaanza kazi.

Tarehe 12 Mei 2002, baba yangu, Pyo Mun-ho, alivuta mitego pale Ukingoni, mahali petu penye kaa wengi kuliko kote, akakuta boya namba tano limenasa kwenye kamba. Akalibeba hadi uani kwa kaka yake, huku akicheka. "Kaka, mwanao karudi nyumbani! Mpikie wali!"

Baba mkubwa hakucheka. Antena ilikuwa imevunjika. Boya lilipoteza sauti tu, safari halikuacha. Alikaa chini, palepale kwenye udongo. Akazamisha mengine matatu kule kule linakomwagwa tope, na yote matatu yakaja Ukingoni. Akamwita baba yangu, nami nilikuwa jikoni, nikasikia.

"Ukisema tope linakuja kwetu, nani atanunua kaa wetu?"

"Mun-ho, nilitia sahihi kwa mkono wangu."

"Basi mkono huo huo ukuzibe mdomo. Wewe una mshahara. Sisi tuna kaa tu."

Akanyamaza miaka ishirini na miwili. Tangu siku ile hakula kaa tena. Alisingizia meno.

Mwaka 2019 alianza kutetemeka mikono, hata kijiko kikawa kinamshinda. Mwezi uliopita, hospitalini, aliniuliza, "Jae-un, mitego ya Ukingoni inapanda safi?"

"Safi kabisa, baba mkubwa."

"Mbona kucha zako nyeusi?"

"Grisi ya injini."

Akageukia ukuta. Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Haikuwa grisi. Tangu msimu uliopita mitego ya Ukingoni inapanda na tope jeusi linalonuka mafuta ya taa, nami huwa naiosha kabla sijaiona bandari. Nilimdanganya mtu anayekufa, nikawauzia ninyi kaa hao, nikawalisha wanangu. Naona aibu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, Seo-rin, wajukuu wawili, mdogo wake Mun-ho, na ramani ukutani yenye pini za njia ya maboya, zinazokuja kwetu. Kwenye meza ya wafiwa mtakuta supu ya nyama na nguruwe wa kuchemsha. Kaa nimewaondoa mwenyewe. Mlangoni nimeweka mtego mmoja wa jana, haujaoshwa. Kila anayetoka ataupita.

Baba, rudi kwenye kiti, nimebakiza mstari mmoja.

Baba mkubwa, lala sasa, neno lako limesemwa.