Mzee Kadibodi Anaziaga Injini Zinazokunywa Oili

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana yetu atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kazini. Ovaroli hiyo itakuwa safi. Sijui huwa anafanyaje. Yangu ikifika saa nne asubuhi huonekana kama imefutiwa eksozi.

Aliingia hapa kuosha vipuri. Hakupitia chuo, wala mimi sikupitia. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia, yeye kwa kungoja. Likija gari linalokunywa oili, mafundi wengine tulikimbilia spana. Yeye alitandika kadibodi nyeupe chini ya injini, akaenda zake nyumbani. Asubuhi aliisoma kama gazeti. Ikiwa na matone, alijua ni gasketi ya upande gani inavuja. Ikiwa kavu, alijua oili inaungua ndani, akasimama nyuma ya gari likiwashwa. Moshi wa bluu ukitoka mara moja kisha ukakata, alishuku sili za valvu. Ukizidi kila dereva akikanyaga mafuta, alishuku ringi za pistoni. Ndivyo alivyopata jina la Mzee Kadibodi. Wazo lenyewe ni jepesi, mtu yeyote angeweza kulipata, na mpaka leo linaniuma kwamba huyo mtu yeyote sikuwa mimi.

Sehemu yangu ya kazi iko karibu na geti, yake iko mwisho kabisa. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita wateja wote wamepita mbele yangu nikiwa nimesimama, spana mkononi, sina gari. "Mzee yupo?" huniuliza. Nami hujibu: "Yupo, na mimi nipo." "Haya, basi tutamngoja." Shemeji yangu mwenyewe, kaka wa mke wangu, alisubiri niende likizo ndipo alete gari lake. Nilirudi siku moja mapema.

Miaka kumi na tisa iliyopita cheo cha fundi mkuu kilikuwa wazi, na meneja alikuwa akitupima sisi wawili. Wiki hiyo alikuja mwalimu wa udereva, mama mwenye gari moja tu la kufundishia, lililokuwa likimaliza lita nzima ya oili kwa wiki. Nilimdaka getini kabla hajauliza swali lake. Sikuona tone chini. Nikawasha, moshi wa bluu ukafunika ua. Nikatangaza, kwa sauti ya kumfikia meneja ofisini, kwamba ringi zimekwisha na injini ishuke, wiki tatu. Yule mama akashika kichwa. "Baba, nina wanafunzi kumi na wawili, mtihani wao Jumatatu. Niwafundishie kwenye baiskeli?"

Mzee Kadibodi akaja anajifuta mikono isiyo na uchafu. Akaomba ruhusa yangu, kwa adabu iliyonikera, achomoe kijiti cha kupimia oili. Mimi sikuwa nimekichomoa. Yule mama alikuwa amesema kajaza asubuhi ile, nami nikamwamini. Kilitoka kimelowa vidole viwili juu ya alama ya mwisho. "Mama, huwa unapimia wapi?" Akajibu kwamba hupimia nyumbani kila alfajiri, pale anapolaza gari.

Jioni Mzee alikwenda nyumbani kwa yule mama kwa miguu. Ua ulikuwa na mteremko, gari likilala pua juu. Oili ilikimbilia nyuma ya injini, kijiti kilichoko mbele kikaonyesha imepungua, mama wa watu akaongeza. Ikajaa kupita kiasi, ikapigwapigwa ndani mpaka ikatoa povu, ikapanda kwenye bomba la kupumulia na kuungua. Kesho yake kijiti kilisema tena imepungua, naye akaongeza tena. Ile injini haikuwa na kiu. Ilikuwa imevimbiwa.

Mzee alimwaga iliyozidi, akasafisha bomba, akamfundisha mwalimu kupima kwenye sakafu tambarare, injini ikiwa imezimwa na kupumzika dakika kumi. Siku ya pili moshi ulikata. Wanafunzi kumi na mmoja wakafaulu. Wa kumi na mbili aligonga nguzo, na hilo halikuhusu oili.

Meneja alipouliza nani aligundua, Mzee alisema: "Tuliangalia wote wawili." Angenicheka ningemsamehe siku hiyo hiyo. Cheo alipewa yeye, na hakuna aliyeshangaa, hata mimi, jambo ambalo lilinichukua miaka mingi kulikiri.

Tangu hapo amefundisha mafundi tisa, na injini ambazo hazikupaswa kufunguliwa zimebaki zimefungwa. Kasoro anazo, msidanganywe na wasemaji wa sherehe ya kumuaga. Kazi yake ni ya polepole. Huimba bila kujua wimbo. Spana nzuri ya namba kumi na nne huificha kwenye droo yake.

Jumatatu tarehe tatu Julai mimi ndiye fundi mkuu. Nimekingoja cheo hiki kwa muda ambao watu wengine hujengea nyumba na kuihama. Mafundi wenzangu waliniuliza nani alinipendekeza, nikasema sijui. Najua.

Asante, kaka mkubwa, kwa kazi, na kwa kutonicheka. Ukapumzike salama, ulale mpaka jua liingie dirishani, afya ikuandame wewe na shemeji yetu na wajukuu.

Kuhusu namba yako ya simu uliyoiandika kwa chaki ukutani ili wateja wakupigie wakikwama: nimeifuta, wasikusumbue. Niliinakili kwanza.