Pampu ya Marehemu Fanueli

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao wa mvule uliolazwa juu ya madebe mawili, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, birika la Shekhe muuza kahawa likifuka pembeni. Mtu wa upande mmoja akinyanyuka bila kuaga, wa upande wa pili huanguka. Ndiyo maana hapakuwa na kijiwe chenye adabu ya kuagana kama kile Tanga nzima. Ijumaa hiyo, baada ya sala, walikaa watatu. Uweso, fundi baiskeli, aliitwa Injinia tangu alipotengeneza cherehani ikashona wiki nzima. Mwinyijuma aliitwa Kaptini kwa kuwa alifika Bombei, Adeni na Durbani, ingawa mwenyewe alikiri kwamba bandari zote hizo alizionea kwenye kidirisha cha jikoni, akimenya viazi. Wa tatu alikuwa Zebedayo, Mbondei, dereva. Huyu hakuwa na jina la utani. Walisema watampa siku atakapomaliza sentensi.

Lori lake la dizeli, kuukuu, lilisimama hatua tatu kutoka ubaoni. Saa tisa lilitakiwa kupakia wanakwaya ishirini, mkewe Bertha akiwa mmoja wao, liwapeleke Amani kwenye harusi ya binti yao Ruthi, kesho yake asubuhi. Zebedayo alikuwa na kila sababu ya kufurahi, ila moja.

Tik-tik-tik-tik.

Shekhe aliacha kumimina. Mlio ulitoka chini ya boneti, mwepesi, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

— Inalia tena, alisema Uweso. Umeizima?

Zebedayo alikwenda kuchungulia swichi aliyoifunga mwenyewe chini ya usukani. Ilikuwa imezimwa, kama jana, na kama juzi.

Iliyolia ni pampu ya umeme aliyoifunga Jumatatu. Pampu ya zamani ya lori, inayozungushwa na injini, ilikuwa imechoka. Kwenye kona za kupanda Amani injini ilikosa mafuta ikazima, na gari likaanza kurudi nyuma na roho za watu. Akapata pampu ndogo iliyotolewa kwenye gari la Fanueli, karani wa mkonge, lile lililotumbukia mtoni pale kivukoni Pangani likiwa na mwenyewe ndani. Aliipachika nyuma ya ile ya zamani, na ya zamani akaiacha palepale, maana hakuwa mtu wa kung'oa kitu ambacho bado kina skrubu zake zote. Ukiiwasha hulia haraka, bomba likijaa hulia polepole, halafu hunyamaza. Ndivyo inavyotakiwa. Hii ilikuwa ikilia haraka tu, na ikilia ikiwa imezimwa.

Injinia alieleza kuwa umeme hubaki ndani ya waya kama maji ndani ya mpira, ukiuzima leo unadondoka mpaka kesho. Shekhe alisema haoni umeme hapo. Chombo kilichokwenda na mtu mpaka chini ya mto hakiwezi kurudi peke yake. Kaptini akapanda juu zaidi. Kwenye meli moja, alisema, mpishi alifia jikoni, na kwa siku tisa kisu chake kilimenya viazi.

— Na wewe ulikuwa wapi? aliuliza Shekhe.

— Nimelala. Nani angemnyang'anya marehemu kazi?

Walicheka, lakini kicheko kilikwisha mapema, na mlio ukabaki.

Hapo akafika mwanamke mwenye kanga nyeusi na kikapu, aliyekuja mapema kuliko wanakwaya wenzake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama Kristina, alijibu Kaptini, akajisogeza ubaoni, kwani wote walimjua. Alikuwa mjane wa Fanueli.

Zebedayo aliona haya. Hakuwa amemwambia pampu ilikotoka. Haikuhitajika. Kristina aliweka kikapu chini, akasikiliza, kichwa kimeinama.

— Ndiyo hiyo, alisema. Alikuwa haondoki mpaka inyamaze. Isiponyamaza alikuwa akiniuliza, nami sijui kitu: mke wangu, ikilia hivi, mafuta yanakwenda wapi?

Zebedayo aliinama chini ya lori. Mchanga mkavu, hakuna tone. Alichovya fimbo kwenye tangi alilolijaza Jumatatu hiyohiyo. Lori halijasogea tangu hapo, na mafuta yalikuwa yamepungua vidole vinne.

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama, imepanda juu kabisa, nyepesi kama chai. Aliinusa. Dizeli.

Ngozi ya ndani ya ile pampu ya zamani ilikuwa imechanika, na hii mpya, wiki nzima, ilikuwa ikisukuma mafuta yapite kwenye tundu hilo na kuingia tumboni mwa injini. Zebedayo aliwahi kuona injini ya kiwanda cha mkonge iliyokunywa oili yenye dizeli. Ilinguruma yenyewe, wakaizima ikakataa kuzima, mpaka ikapasuka. Akaziona kona za Amani, na Bertha amekaa nyuma akiimba.

— Kwaya itachelewa, alisema. Namwaga oili yote, nang'oa hii mbovu. Tutafika usiku, lakini tutafika.

— Amemaliza sentensi, alinong'ona Kaptini.

Zebedayo alishika spana, akaanza na betri. Alifungua waya wa pampu, akauchomoa, akasimama nao mkononi. Pampu ilinyamaza. Kristina alisogea, akaweka kiganja juu ya bati la lori, taratibu, kama anayemgusa mtu aliyelala.

— Tumeona, baba, alisema. Asante.

Tik.

Tik.

Tik. Polepole sasa, kama inavyolia bomba likijaa. Kisha kimya.

Kristina aligeuka akamtazama Zebedayo.

— Waya wake si huo ulioushika?

Shekhe aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoka tone. Halafu Injinia na Kaptini walinyanyuka pamoja, bila kuaga, na ubao ukaanguka.